Kuhimiza Kulisha Masikini: Wajibu Tuliousahau



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 nilimpa ndugu yangu nasaha mbaya, na kibaya zaidi niliipamba kwa maneno ya dini hata ikaonekana nasaha njema. Naona ni haki nilisahihishe mbele ya watu, kwani najua si mimi peke yangu ninayelifanya. Sisi walimu wa madrasa tunalifanya sana.

Ndugu huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa hapa, vita vikamtoa, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, akaoa huko na kuzaa huko. Mwaka 2024 akapata kibali cha kwenda Marekani, yeye, mkewe na watoto wanne. Mwaka uliofuata mkewe akajifungua mapacha. Yeye anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kukata kuku, mkewe yuko nyumbani na mapacha. Watu wanane, mshahara mmoja. Kilichokuwa kikiwafikisha mwisho wa mwezi ni kadi ya chakula.

Kwa wasioijua kadi hii nitaieleza. Huko Marekani serikali kuu humwekea mtu mwenye kipato kidogo fedha za chakula kila mwezi katika kadi inayofanana na ya benki. Mpango wenyewe unaitwa SNAP, ingawa wengi bado wanauita kwa jina la zamani, stempu za chakula. Kadi hiyo hununua unga, mchele, maziwa, nyama, mboga na matunda. Hainunui sabuni, hainunui dawa, hainunui nepi za mtoto, wala chakula cha moto kilichokwisha kupikwa. Mwaka 2024 watu kiasi cha milioni 42 walikuwa wakiitumia kila mwezi, yaani mtu mmoja katika kila wanane, na wastani wake ulikuwa kama dola 187 kwa mtu kwa mwezi. Wako Wazungu, Weusi, wazee, walemavu, watu wenye kazi za mshahara mdogo. Wakimbizi ni sehemu ndogo tu.

Basi tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi, na ndani yake mpango huu ukakatwa. Ofisi ya Bunge lao inayokadiria bajeti ilikadiria kuwa katika miaka 10 zitapungua kiasi cha dola bilioni 186. Sharti la kufanya kazi saa 80 kwa mwezi, ambalo lilikuwa likiishia kwa mwenye umri wa miaka 54, likapandishwa hadi miaka 64, na likawagusa hata wazazi ambao mtoto wao mdogo kabisa ametimiza miaka 14. Na wakimbizi pamoja na waliopewa hifadhi, ambao zamani walikuwa na haki ya kadi hiyo, wakaondolewa mpaka wapate kadi ya ukazi wa kudumu. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kuiomba kadi hiyo ya ukazi. Lakini Novemba 2025 serikali yao ikasimamisha maombi ya wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025. Mlango umefungwa, na ufunguo umeachwa ndani.

Barua ilimfikia wakati wa kufanya upya karatasi za kadi. Barua ya Kiingereza, kurasa kadhaa. Akaisoma kwa kubahatisha, akaelewa neno moja tu, kwamba wamekatwa. Akaiweka juu ya friji. Usiku akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Kaka, wametukata chakula. Nifanye nini?"

Nami Maalim nikamjibu. Nikamwambia asubiri, Allah yuko pamoja na wenye kusubiri. Nikamwambia yeye ni mgeni, na mgeni hashindani na mwenye nyumba juu ya chungu. Nikamwambia asijitie katika mambo ya serikali za watu, aswali, aongeze istighfari, nasi huku tutamchangia. Mke wangu alikuwa anachambua ndagala pembeni, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Akaniuliza franga zetu za Burundi zikifika huko zitanunua nini, mkate mmoja au nusu?

Nilikasirika kidogo, lakini nikalala nikiamini nimesema haki.

Siku chache baadaye nilikuwa nawasomesha watoto wadogo Surat al-Maa'un. Sura hii tunawasomesha mapema kwa sababu ni fupi, aya saba tu, nao huisoma kwa sauti mpaka kuta zinatikisika. Nilikuwa naeleza maana yake, kwamba Allah (s.w.) anamtaja mtu anayeikadhibisha Dini, naye ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa masikini. Binti mmoja wa miaka kumi na moja akanyoosha mkono. Akauliza: "Maalim, mbona haikusema asiyelisha? Imesema asiyehimiza."

Nikamjibu kwamba maana ni moja, tuendelee.

Maana si moja. Nilijua si moja wakati ulimi unatamka. Neno lenyewe la Kiarabu, yahuddhu, ni kuhimiza, kuwasukuma wengine wafanye. Nikarudi nyumbani nikafungua Msahafu, nikawa natafuta kama vile sijapata kuisoma. Katika Surat al-Fajr Allah (s.w.) anawalaumu watu kwamba hawahimizani kulisha masikini. Katika Surat al-Haaqqa anatajwa mtu anayefungwa kwa mnyororo wenye urefu wa dhiraa sabini, na yanatajwa makosa yake mawili: hakuwa akimwamini Allah, wala hakuwa akihimiza kulisha masikini. Jirani ya kufuru limewekwa kosa gani? Kunyamaza. Na wafasiri wamegusia jambo la maana hapa, kwamba asiye na chakula cha kumpa mtu hana udhuru, kwani kuhimiza hakuhitaji mfuko uliojaa. Hata masikini mwenyewe anaweza kuhimiza.

Sasa tazameni tunavyofundisha. Swadaka tunaifundisha vizuri, alhamdulillahi. Desemba 2025, Uvira ilipoingiwa na waasi wa M23 na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuja huku Burundi, nyumba za Buyenzi zilipokea wageni. Zilitoka sufuria za maharage, zikatoka kanga, zikatoka mikeka ya msikitini. Hakuna aliyehitaji khutba. Lakini mgao wa wakimbizi unapokatwa kwa kalamu ya mtu aliye mbali, sote tunatazama chini na kusema ni qadari. Mwaka 2025, mwezi wa Mei, wakimbizi kama milioni moja walioko Uganda waliondolewa katika mgao wa Shirika la Chakula Duniani kwa sababu ya upungufu wa fedha. Msikiti gani mlisikia ukilizungumza jambo hilo?

Nilipofika hapo nikakumbuka kisa ambacho tunakisomesha kila mwaka, na kila mwaka tunakikata katikati.

Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba Makuraishi waliwasusia Bani Hashim na Bani Muttalib, wakaandika karatasi na kuitundika ndani ya Al-Kaaba: wasiwauzie, wasinunue kwao, wasiwaoze, wasioe kwao. Wakakaa katika bonde la Abu Talib miaka kama mitatu, mpaka wakala majani, na vilio vya watoto kwa njaa vikasikika nje ya bonde. Na kila mwanafunzi anajua kwamba mchwa waliila ile karatasi likabaki jina la Allah. Basi hapo tunafunga kitabu, watoto wanaondoka wakidhani kazi yote waliifanya mchwa.

Kuna mtu hapo katikati, Hisham bin Amr. Wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Usiku alikuwa akimleta ngamia aliyebeba chakula mpaka mdomo wa bonde, anamvua hatamu, anampiga ubavuni ngamia aingie peke yake kwa wenye njaa. Alifanya hivyo mara kwa mara. Huyo ndiye mtu wa swadaka, na tunampenda. Lakini Hisham aliona kwamba ngamia mmoja wa usiku hatoshi, na asubuhi karatasi bado imetundikwa palepale.

Akaenda kwa Zuhayr bin Abi Umayya, ambaye mama yake alikuwa binti ya Abdul Muttalib, akamuuliza kama anaona sawa yeye ale, avae na aoe, na wajomba zake wako katika hali anayoijua. Zuhayr akasema yeye ni mtu mmoja tu, atafanya nini? Angekuwa na mwenzake angesimama. Hisham akamwambia mwenzako umempata, ni mimi. Zuhayr akasema tafuta wa tatu. Akaenda kwa Mut'im bin Adi, naye akauliza swali lilelile, akataka wa nne. Akampata Abul Bakhtari, kisha Zam'a bin al-Aswad. Watano. Wakakutana usiku huko Hajun juu ya Makka, wakapanga nani ataanza kusema. Asubuhi Zuhayr akavaa vizuri, akaizunguka Al-Kaaba mara saba, akawakabili watu akasema hatakaa chini mpaka karatasi ile ya dhuluma ichanwe. Abu Jahl akapinga, na hapo mmoja baada ya mwingine wakainuka kutoka pande mbalimbali za msikiti wakamuunga mkono Zuhayr. Abu Jahl hakuwa mjinga, alitambua papo hapo kwamba jambo hili limepangwa usiku mahali pengine. Mut'im akainuka kwenda kuichana, ndipo akakuta mchwa wametangulia.

Someni tena mpango ule. Mtu mmoja mwenye dhamiri, anatembea nyumba kwa nyumba, anamsemesha kila mtu peke yake, anajibu woga wa kila mmoja kwa kumwonyesha kuwa hayuko pekee, kisha wanasema hadharani, kwa zamu, mbele ya waliotunga dhuluma. Leo watu wanakwenda vyuoni kusomea kazi hii.

Na huko Marekani ndivyo watu wadogo walivyokilinda chakula chao tangu zamani. Mwaka 1962 katika wilaya ya Leflore, jimbo la Mississippi, Weusi walikuwa wameanza kwenda kujiandikisha kupiga kura. Wakuu wa wilaya wakasimamisha ule mgao wa chakula cha serikali kuu uliokuwa ukiwasaidia vibarua wa mashamba ya pamba wakati wa baridi, wakati ambao hakuna kazi. Watu zaidi ya 20,000 walikuwa wakiutegemea, wengi wao Weusi. Vijana wa harakati, wengine wanafunzi wa chuo, wakakusanya vyakula na nguo katika majimbo ya kaskazini na kuvileta kwa gari. Mchekeshaji maarufu Dick Gregory akakodi ndege Februari 1963 akaleta shehena nzima. Hao ndio ngamia wa usiku. Ila vijana wale hawakuishia kugawa unga. Watu walipopanga foleni kanisani mjini Greenwood kuchukua chakula, walihimizwa waende pia mahakamani kujiandikisha, na wengi ambao hawakupata kuthubutu wakathubutu, kwa kuwa sasa wameona wazi njaa yao imetoka wapi. Wakati huohuo serikali kuu ikasukumwa mpaka ikatishia kugawa chakula yenyewe, na mwaka huohuo wa 1963 wilaya ikaurudisha mgao.

Sheria ya stempu za chakula ikatiwa saini mwaka 1964. Nayo mwanzoni ilikuwa na dosari: masikini alitakiwa atoe fedha zake kwanza ndipo apewe stempu za thamani kubwa kuliko alizotoa, kwa hiyo asiye na kitu kabisa hakupata kitu. Ilichukua miaka ya kelele mpaka sheria ya mwaka 1977 ikaliondoa sharti hilo.

Nije kwenye mwaka 2025. Oktoba Mosi serikali yao ilifungwa kwa sababu Bunge halikupitisha bajeti, ikakaa imefungwa siku 43. Tarehe 1 Novemba kadi za chakula hazikuwekwa kitu. Wizara husika ilisema haitatumia akiba ya dharura. Waliokwenda mahakamani ni nani? Majimbo yapatayo 25 yalifungua kesi Boston. Katika jimbo dogo la Rhode Island kesi ilifunguliwa na miji, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya kusaidia watu, na jina lililotangulia katika kesi hiyo ni Baraza la Makanisa la jimbo. Majaji wa sehemu zote mbili wakasema serikali haiwezi kuikalia akiba hiyo na watu wana njaa. Kesi zikapanda juu na kushuka, wengine wakapata nusu, wengine wakachelewa, mpaka serikali ilipofunguliwa tarehe 12 Novemba. Ninawataja watu wa makanisa kwa makusudi. Wale watano wa Makka nao hawakuwa Waislamu siku ile, na Mtume (s.a.w.) hakuusahau wema wa Mut'im mpaka baada ya Badri.

Waislamu wa huko nao hawakukaa bure, tusiwadhulumu. Misikiti mingi ina ghala la chakula, na ICNA Relief wanaendesha maghala kama hayo katika miji mingi. Lakini mtandao mkubwa wa maghala ya sadaka huko, Feeding America, umekuwa ukisema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotolewa na maghala yao, SNAP hutoa milo tisa. Mmoja kwa tisa! Ukiikata ile tisa, ngamia wa dunia nzima hawawezi kuijaza kwa kupita usiku.

Na sheria yenyewe ya Julai ilipita kwa uzi mwembamba. Katika Seneti kura zilikuwa 50 kwa 50, mpaka makamu wa rais akapiga ya kuamua. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa 218 dhidi ya 214. Kwa hesabu hiyo siwezi tena kumwambia mtu kwamba sauti yake haina uzito.

Najua majibu ya baadhi yenu, kwa kuwa nilikuwa nayo mwenyewe. Mtasema Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mkono unaotoa ni bora kuliko unaopokea. Ni kweli, na ndugu yangu anakesha akikata kuku na kulipa kodi katika mshahara wake kwa sababu hiyo. Lakini Qur'an hiyohiyo inaita sehemu ya masikini katika mali za watu kuwa ni haki inayojulikana. Mwenye kudai haki haitwi ombaomba.

Mtasema si adabu raia, seuze mgeni, kunyanyua sauti mbele ya mtawala. Basi nawakumbusha Umar bin al-Khattab (r.a.). Alikuwa ameweka posho ya watoto, lakini anapewa mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa tu. Usiku mmoja anazunguka Madina akasikia mtoto mchanga analia, akapita tena bado analia, akamgombeza mama yake. Mama yule, asiyejua anazungumza na nani, akamwambia anamwachisha ziwa kwa nguvu kwa sababu Umar hatoi posho mpaka mtoto aachishwe. Inasimuliwa kwamba Umar aliswalisha Alfajiri watu hawaelewi kisomo chake kwa kilio, kisha akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto wa Kiislamu anapozaliwa tu ana posho yake. Mwanamke yule hakuwa na cheo. Alisema tu kanuni ile inafanya nini ndani ya nyumba yake. Na kama Umar, pamoja na uadilifu wake, hakujua mpaka aambiwe, itakuwaje kwa mkubwa aliye Washington asiyepita mitaani usiku?

Hofu ya tatu naiheshimu zaidi, nayo ni hofu ya mkimbizi. Anaogopa akisema atafukuzwa. Mwenye hofu hiyo asichekwe, na asisukumwe mbele peke yake. Kwanza apate ushauri wa mwanasheria. Lakini wapo raia wa kusimama mbele yake, na kuna mengi ambayo si siasa, ni kusoma barua tu.

Maana nilipomrudia ndugu yangu na kumwambia nilikosea, kitu cha kwanza nilichomwomba ni aitoe ile barua juu ya friji ampelekee mtu anayejua Kiingereza. Akampelekea mama mmoja mzee wa Kimarekani, jirani yao, ambaye aliwahi kufundisha Kigoma ujanani na Kiswahili hakijamtoka. Mama yule akasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ikabainika kwamba yeye, mkewe na watoto wanne ndio walioondolewa. Mapacha wamezaliwa Marekani, ni raia, haki yao ipo palepale. Ilitakiwa tu karatasi irudishwe na vyeti vyao vya kuzaliwa. Ndugu yangu hakuirudisha kwa sababu alidhani yamekwisha, na kwa sababu kaka yake Maalim alimwambia asubiri. Kwa hiyo mapacha walikosa chakula chao karibu wiki sita, na katika wiki hizo sita mimi nina mkono wangu.

Kwa hiyo mlioko huko, au wenye ndugu huko, nawaomba msiweke barua juu ya friji. Uamuzi wa ofisi una rufaa. Mtu ana siku 90 za kuomba kusikilizwa, na akiomba kabla ya siku ya kukatwa, mara nyingi chakula chake huendelea mpaka shauri liamuliwe. Watoto waliozaliwa huko wasitolewe kwa sababu ya hofu ya wazazi. Shuleni watoto hula bila kuulizwa karatasi za uhamiaji. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura hata akishawishiwa na nani, hilo ni kosa kubwa kwa sheria yao, lakini kuandika barua kwa mwakilishi wa eneo lake au kusema katika mkutano wa hadhara hakukatazwi. Na maimamu wa huko wasijifiche nyuma ya sheria: taasisi ya dini haruhusiwi mtu kuitumia kumpigia debe mgombea, ila kuisema sheria inayowakosesha watu chakula, kwa kiasi, inaruhusiwa.

Sisi tuliobaki huku tuna kazi yetu pia. Kwanza tuache kuwatumia watu subira kama dawa ya kila ugonjwa. Subira ya bonde la Abu Talib ilikuwepo, na Hisham naye alikuwa nje akitafuta wa tatu. Pili, wanafunzi wangu wakubwa nimewapa zoezi: wapite kwa familia za Kongo zilizopokelewa katika avenyu zetu, waandike kila nyumba imepata mgao gani na lini, bila kutaja majina, ili wazee wa msikiti wapate cha kushika mkononi watakapokwenda kuzungumza na wahusika. Mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba watoto wamekuja kusoma dini, si kuhesabu magunia. Nilimkaribisha chai, nikamwomba anisomee Surat al-Maa'un.

Ndugu yangu hivi sasa mapacha wanapata. Yeye, mkewe na wale wanne bado hawapati. Yule mama mzee amewakusanya watu waliopokea barua kama yake, Wakongo, Warundi, Waafghani, pamoja na Wamarekani wenyewe walioshindwa kutimiza saa 80, wanakutana katika ukumbi wa kanisa lake, na mwezi ujao wamepewa nafasi ya kusema mbele ya mwakilishi wa eneo lao. Wamemchagua ndugu yangu awe mmoja wa wasemaji, kwa Kiswahili, yule mama atafasiri. Juzi amenipigia simu anatetemeka, ananiuliza asome dua gani kabla ya kusimama.

Nikamwambia asome dua ya Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, ile aliyoomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe. Nikamkumbusha kwamba Musa hakukubali kwenda peke yake, aliomba apewe nduguye Harun kwa kuwa ulimi wa Harun ni mfasaha zaidi.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, Harun wangu ana miaka sabini na tano, na anasali Jumapili."

Nikamwambia amsalimie sana.